Kaka Shigezo na Miti Elfu Nne

Tuwekeane dau hapa hapa. Mimi naweka samaki wangu mkavu, ambaye habari zake zinakuja, na wewe weka chochote ulicho nacho mfukoni, kwamba ukimaliza kusoma utasema, "Huyu Iwao muongo." Wala sitashangaa. Hapa kijijini Hikage nikisema mvua inanyesha, watu wananitazama mimi kwanza ndiyo watazame juu, na wameshalowa.

Lakini mashine ya chuo kikuu haina sababu ya kudanganya, na mashine ndiyo iliyosema. Kaka yangu Shigezo, aliyezaliwa msituni na kufanya kazi msituni miaka zaidi ya hamsini, ukimkalisha msituni kichwa chake kinachemka. Ukimkalisha mbele ya stesheni, katikati ya moshi wa mabasi, anatulia kama mtoto aliyeshiba maziwa.

Haya, cheka. Mimi pia nilicheka, siku ya kwanza.

Kwanza ujue unaongea na nani. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, na nasikia mwalimu alifurahi akanunua pombe. Lakini leo nina cheti. Kipo ukutani, pembeni ya picha ya marehemu mama, kina muhuri mwekundu: muongozaji wa kuoga msitu. Watu wa mjini wanakuja hapa na mabasi, wamechoka, macho yamewaingia ndani, na mimi nawatembeza polepole kwenye msitu wa hekalu. Hawaogi maji. Wanaoga hewa. Wananusa magome, wanakaa kwenye mabenchi, wanasikiliza kijito, na ukiwaambia wavue viatu wanavua. Mwanamke mmoja alilia mbele ya kuvu kwenye gogo. Nilimuuliza, "Mama, kuvu amekufanya nini?" Akasema hajawahi kutazama kitu kimoja muda mrefu namna ile tangu aolewe.

Kwa hiyo kazi naijua. Hakuna muongozaji bonde hili anayewatuliza watu kunishinda. Daktari Hanawa mwenyewe alinipima. Huyu ni mwanamke mdogo wa umbo, amevaa mabuti makubwa, daktari wa ubongo kutoka chuo kikuu. Hatibu, anapima tu. Anakufunga mkanda kwenye paji la uso, una vitaa vyekundu, na vile vitaa vinaangalia damu iliyo nyuma ya paji. Ukiwa na wasiwasi au ukipiga mahesabu, damu inapanda pale. Ukipumzika, inashuka. Halafu unatema mate kwenye kichupa, nayo yanapimwa dalili za wasiwasi. Damu yangu ilishuka kuliko ya watu wote ishirini na wanne wa siku ile.

"Unaona?" nikamwambia. "Mimi ndiye bingwa wa utulivu."

"Labda, Mzee Iwao," akasema huku anaandika. "Au labda hukuwa unafikiria kitu chochote."

Huyo ndiye Daktari Hanawa. Tulielewana tangu siku hiyo.

Sasa kaka. Shigezo amenipita miaka mitano, yeye sabini na nne, mimi sitini na tisa. Mke wake alifariki zamani, mimi sikuoa kwa sababu wanawake wa Hikage waliogopa uzuri wangu, kwa hiyo tunakaa nyumba mbili zinazotazamana na tunakula chungu kimoja. Tuna mteremko wetu wa miti, urithi wa baba. Zamani ulikuwa wa mialoni, baba akichoma mkaa. Tukiwa vijana tukaifyeka yote, tukapanda mierezi, miche elfu tisa, mmoja karibu na mwenzake. Lilikuwa wazo la kaka. Wakati huo Japani nzima ilikuwa inapanda mierezi, na wataalamu walisema baada ya miaka arobaini mwenye mierezi atakuwa mfalme.

Mierezi inapandwa kwa kubanana ili inyooke. Halafu kila miaka michache unaingia, unakata ile dhaifu, inayobaki inapata jua na inanenepa. Usipokata, yote inakuwa myembamba kama vijiti vya kulia wali, chini kunakuwa giza, nyasi hazioti, na mvua kubwa ikija udongo unateleza na kila kitu. Tukaanza vizuri. Bei ya mbao ikaanguka. Majirani wakaacha misitu yao wakaenda viwandani. Mimi nikaenda kuendesha lori miaka ishirini. Kaka hakuacha. Aliendelea kukata peke yake, mwaka hadi mwaka, kwa msumeno na kamba, mpaka nywele zikawa nyeupe.

Mwaka juzi, tarehe saba ya mwezi wa kumi na moja, akaingia mlimani.

Kwetu siku hiyo haingii mtu. Ni siku ya mungu wa mlima. Ni mwanamke, ana sura mbaya, ana wivu, na siku hiyo anashuka kuhesabu miti yake. Akikukuta ndani anakuhesabu pamoja na miti, na mti hautoki mlimani. Sisi tunabaki chini, tunapika wali mtamu, na tunampelekea samaki mkavu mwenye sura mbaya kuliko yote baharini, mdomo mpana, macho juu, miiba kichwani. Mungu akimwona anafurahi kwamba yupo aliyemzidi ubaya. Na anayembeba huyo samaki ni mimi, miaka kumi na nane sasa. Namficha kifuani ndani ya nguo, natoa kichwa kidogo, narudisha, natoa tena, na watu wote lazima wacheke kwa sauti. Sijawahi kushindwa kuwachekesha. Mwaka mmoja kuhani mwenyewe alikaa chini kwa kicheko.

Mwaka ule nikamtoa samaki, watu wakacheka, nikatazama kundini nimwone kaka. Hayupo. Nilimkuta saa tisa alasiri, chini ya mteremko, nyonga imevunjika. Mwerezi alioukata ulikuwa umeegemea mwenzake, ukateleza, ukampiga.

"Kaka, leo siku gani?" nikamuuliza.

"Najua," akasema. "Nimechelewa, Iwao. Imebaki mingi."

Hospitali ilimweka miezi miwili. Nyonga ikaunga, akarudi anatembea kwa fimbo. Maneno hayakurudi. Kwanza yalipungua, halafu mwezi wa tatu yakakauka kabisa. Chakula vilevile. Nilimlisha uji wa wali kwa kijiko, na tunda lililokaushwa kwa chumvi juu yake, kama tulivyomlisha mama mwisho wake. Anatoka uani asubuhi, anasimama anatazama mlima, mikono imelegea, jua linamkuta pale na linamwacha pale.

Bibi Kinu, anayeuza tofu, ile jibini ya soya, alipita akamwona. Akanivuta pembeni.

"Amehesabiwa, huyo."

"Bibi, uza tofu yako."

"Nakwambia amehesabiwa. Mtazame anavyosimama. Mtu anasimama hivyo?"

Nikamtania kwamba yeye angesimama hivyo mungu angemwacha, maana kisiki hakihesabiwi. Akanipiga na kitambaa cha mkono. Lakini nilipogeuka nikamtazama kaka, utani uliniishia mdomoni.

Fumie, binti yake wa pekee, anakaa Osaka. Kila mwezi alikuja na treni na basi, anabeba mifuko ya dawa na keki laini. Mwezi wa nane akanikalisha jikoni.

"Baba mdogo, baba amekwisha. Suruali yake umeifunga kwa kamba."

"Kamba ndiyo fasheni mwaka huu."

"Sitaki utani."

Akasema tena, "Kuna chumba kwetu. Kuna kliniki ghorofa ya chini, na daktari wa mawazo anakuja mara mbili kwa wiki."

"Ghorofa ya ngapi chumba chenyewe?"

"Ya tisa."

"Unataka kumfuga babako kama njiwa? Mtu wa miti huyu! Watu wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kuoga msitu wangu, wewe unamtoa ndani yake? Fumie, mimi nina cheti."

"Umekuwa na cheti muda wote huu, baba mdogo."

Hapo alinipata, lakini sikumwonyesha. Nikajipiga kifua. "Nipe mpaka siku ya mungu wa mlima. Siku hiyo ikifika hajala kwa mkono wake mwenyewe, mchukue, nitakubebea mizigo. Lakini nakwambia, atakula mpaka uionee huruma sufuria."

Akainama akakubali. Alikuwa amechoka kubishana, ndiyo maana alikubali.

Basi nikaanza. Kila asubuhi, baada ya uji, nilimchukua kaka mpaka benchi la nne. Pale njia ya msitu wa hekalu inapinda, miti inafunguka, na mbele yako, ng'ambo ya kijito, unauona mteremko wetu wote kuanzia chini mpaka juu. Nilichagua pale kwa akili yangu mwenyewe. Nilisema, huyu si mtu wa mjini wa kuonyeshwa kuvu. Aone mierezi yake. Mfugaji akiugua, unamsogezea ng'ombe wake dirishani.

Nilimfanyia kila ninachojua. Nilimvunjia majani anuse. Nilimwambia avute pumzi kwa kuhesabu nne, aachie kwa kuhesabu nane. Nilimpa habari za kijiji, nyingine za kweli. Siku moja nilimtoa samaki kifuani, nje ya msimu wake, kichwa kidogo, nikamrudisha, nikamtoa tena. Alimtazama yule samaki kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Halafu akarudisha macho mlimani. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, bila sauti. Nilidhani anamsomea marehemu mkewe sala. Nikaona vizuri, mtu akisali anapona.

Wiki tano. Hakushika kijiko.

Daktari Hanawa alipokuja mwezi wa kumi na kundi lake nilimdaka kabla hajafungua mabuti.

"Mpime kaka yangu."

"Amekubali?"

"Hajakataa."

"Hilo silo nililouliza." Akaenda mwenyewe uani, akapiga magoti kwenye changarawe mbele ya kaka, akamweleza kila kitu polepole, mkanda, vitaa, kichupa. "Baba, naomba ruhusa yako." Kaka akainamisha kichwa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anamjibu mtu tangu mwezi wa tatu, na sikuwa mimi.

Upimaji wao una sehemu mbili. Siku moja unakaa msituni dakika kumi na tano, siku nyingine unakaa mjini dakika kumi na tano, halafu wanalinganisha. Msituni wakamweka benchi la nne, kwa sababu nilisisitiza. Mjini ni kule chini, mbele ya stesheni, kwenye viti vya chuma, mabasi yanageuza, kipaza sauti kinataja vituo, na mashine ya kuuza vinywaji inanguruma mgongoni. Watu wote pale damu inapanda. Mimi mwenyewe, bingwa, ilipanda.

Nilikuwa nimebeba matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani, chakula changu. Kaka alikaa na mkanda wake kichwani, watu wanamkwepa. Basi likaja, likaondoka. Jingine likaja. Mabega yake yakashuka. Nakwambia nilimwona, yalishuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Dakika kumi na tano zikaisha, msaidizi akafungua mkanda, na kaka akanyoosha mkono, akachukua tonge langu, akala. Akamaliza. Akachukua la pili.

Mimi nimesimama pale na mikono mitupu.

"Kaka," nikasema, "hilo lilikuwa langu."

Jioni Daktari aliniita ofisi ya kijiji. Alikuwa na karatasi mbili mezani, mstari mmoja unapanda kama ngazi, mwingine unashuka.

"Hii ya kupanda ni ya stesheni," nikasema.

"Nami nilidhani hivyo. Nilidhani tumekosea kubandika majina. Tumerudia kukagua mara tatu." Akaweka kidole kwenye ule mstari wa ngazi. "Hii ni ya msituni. Mate yake yanasema hivyo hivyo. Na ile ya stesheni ni ya mtu aliyepumzika."

"Kwa hiyo msitu unamuumiza."

"Sijasema hivyo. Nimepima mtu mmoja siku mbili."

"Basi anafikiria nini pale?"

Akavua miwani. Alikuwa anaonekana mtoto bila miwani. "Mzee Iwao, mashine inaniambia damu iko wapi. Haiwezi kuniambia anafikiria nini. Natamani ingeweza. Wewe ndiye unakaa naye."

Nilirudi nyumbani na hilo. Mimi ndiye ninayekaa naye.

Kesho yake nikamkalisha tena benchi la nne, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu karibu na goti lake. Midomo ikaanza. Nikasogeza sikio. Haikuwa sala. Sauti ilikuwa ndogo kuliko pumzi.

"Elfu moja mia mbili kumi na saba. Elfu moja mia mbili kumi na nane. Elfu moja mia mbili kumi na tisa."

Alikuwa anahesabu miti iliyobaki kukatwa. Anaanza chini kwenye kijito, anapanda safu kwa safu, akipotea anarudi mwanzo. Kila siku. Uani pia, akisimama, ni hicho hicho. Na mimi, mwenye cheti, nilikuwa nimempeleka kila asubuhi wiki tano kwenye kiti kizuri kuliko vyote cha kuhesabia.

Nikasema sawa. Kama ugonjwa ni miti, dawa iko wazi. Nitaikata.

Nilienda ushirika wa misitu. Walikuja watu wawili, wakatazama mteremko, wakanywa chai, wakasema mashine haiwezi kupanda pale na wao ni wanne kwa bonde zima. Wakainama, wakaondoka. Basi nikachukua msumeno wa mashine wa kaka, nikanoa meno, nikaingia mwenyewe. Niliapa kwa sauti kubwa mbele ya Bibi Kinu kwamba nitakata arobaini kwa siku.

"Mgongo wako unajua?" akaniuliza.

Mwerezi uliobanana hauanguki. Unaukata, unaegemea mwenzake, unabaki umening'inia, na huo unaoning'inia ndio unaoua. Unaufunga kamba, unauvuta, unauzungusha, unatukana, unauvuta tena. Ilipofika alasiri hata kufungua chupa ya chai nilishindwa. Nilishuka nimejaa unga wa mbao. Fumie alikuwa amefika siku hiyo, amekaa barazani na babake. Nikapiga kelele tangu getini, maana nilitaka asikie.

"Arobaini, kaka! Nimekata arobaini! Kesho naongeza!"

Kaka akageuza uso. Akanitazama machoni.

"Kumi na moja," akasema.

Alikuwa ameketi pale siku nzima anasikiliza mianguko ya miti.

Fumie akaangusha kikombe. Akapiga magoti, akamshika babake mashavu. "Baba! Umesema! Baba, sema tena!"

"Kumi na moja," akasema kaka. "Bado elfu nne na thelathini na mbili."

Fumie akalia, akacheka, akanishika mikono yangu michafu. "Baba mdogo, umeweza. Kweli umeweza. Basi abaki. Sitamchukua, abaki hapa na wewe."

Sijui kama umewahi kupewa kitu ulichokuwa unakililia, ukakishika, ukaona kina joto linalounguza. Kaka alikuwa ameshageukia mlima. Midomo ilikuwa imeanza tena, safari hii kutoka elfu nne na thelathini na mbili.

Siku ya pili sikuinuka kitandani. Wala ya tatu. Siku ya nne nilipanda nikakata sita. Siku ya tano, mitatu, na mmoja ulipita karibu na sikio langu nikausikia unavyovuma. Nikakaa juu ya kisiki nikapiga hesabu, mimi niliyeacha shule. Kumi na moja siku nzuri, na siku nzuri ni moja kwa wiki. Miaka saba, nikiwa na bahati, na mvua zisinisumbue, na mgongo ukae mgongo. Nitakuwa na sabini na sita. Yeye themanini na moja, kama atafika, anakaa barazani anasikiliza. Na kila siku nisiposikika mlimani ataijua.

Nilishuka. Alikuwa uani amesimama. Nikamlisha uji. Alifungua mdomo, akameza, akafungua mdomo, na macho hayakutoka mlimani hata mara moja. Nilikaa kwenye njia ya macho yake, nikamziba. Akasogeza kichwa kidogo kulia, akaendelea.

Nilimpigia Fumie simu.

"Njoo umchukue."

"Baba mdogo, si ameanza kusema?"

"Anasema namba, mwanangu. Namba tu. Hatuiti majina wala haombi maji. Chumba chako kinatazama wapi?"

"Njia ya treni. Kuna kelele, ndiyo maana kodi yake nafuu."

"Kuna mti?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi hicho hicho."

Alikuja na gari la mumewe tarehe saba ya mwezi wa kumi na moja, siku ile niliyompa mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa chini, wali mtamu unapikwa, hakuna msumeno unaolia mlima mzima. Nilibeba mizigo kama nilivyoahidi. Mizigo yenyewe begi moja na fimbo. Bibi Kinu alileta tofu kwenye ndoo ndogo, akamwekea mapajani, akasema, "Kula, Shigezo," akaondoka haraka.

Nilikuwa na samaki kifuani, kwa sababu ya sherehe. Nikasimama kwenye dirisha la gari. Nikatoa kichwa kidogo. Nikarudisha. Nikatoa tena, na macho yake yale ya juu na mdomo ule. Nilifanya vizuri kuliko miaka yote kumi na nane, nakuapia. Watu waliokuwa barabarani walicheka, wengine hawakutaka. Kaka alimtazama samaki. Halafu akanitazama mimi.

"Iwao," akasema. "Leo usiingie."

"Siingii, kaka."

"Leo anahesabu yeye."

"Siingii."

Gari likashuka. Nikabaki barabarani na samaki mkononi, na watu wakanipisha.

Sasa ni mwezi wa pili. Fumie ananipigia Jumapili. Anasema baba anakaa dirishani anatazama treni, anakula mwenyewe, nguo zinamkaa. Treni hazihesabu, Fumie alimsikiliza midomo kwa makini. Daktari wa mawazo anakuja, anaongea naye, yeye anajibu ndiyo na hapana. Mimi hajaniulizia. Fumie alinieleza hilo polepole, nikamtania kwamba hata mimi ningepata likizo ya kupumzika kutoka kwangu mwenyewe ningefurahi. Hakucheka.

Watu wa mabasi bado wanakuja, nawatembeza, wanalia mbele ya kuvu, wanatulia. Ni kweli wanatulia, Daktari Hanawa ana karatasi zao. Benchi la nne nalipita bila kusimama. Mgeni mmoja aliuliza mbona hatukai pale, mandhari nzuri hivi. Nikasema limelowa.

Nimekata sitini na nne mpaka sasa. Hakuna anayesikiliza, lakini nasema namba kwa sauti kila mmoja ukianguka.

Kuhusu mierezi nilisema mwanzo lilikuwa wazo la kaka. Halikuwa lake. Yeye na baba walitaka kubaki na mialoni, mimi ndiye niliyewashawishi. Nilikosea.